Mzigo wa Haraka na Msamiati Wake

Methali za Kiswahili hazimpendi mtu mwenye pikapu na Jumamosi isiyo na shughuli. Akikubali kufikisha mzigo kwa kasi, ataambiwa haraka haraka haina baraka. Akiwa na ajira nyingine Jumatatu hadi Ijumaa, ataambiwa mshika mawili moja humponyoka, na asiposikia atakumbushwa kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Riziki yake ya ziada imesimama juu ya mambo mawili ambayo wahenga waliyaonea shaka: kasi, na kushika kazi mbili. Hata hivyo, fika Kawangware 46 jijini Nairobi Jumamosi asubuhi, hasa mwezi unapoisha, utamkuta kando ya barabara. Kioo cha dirisha kimeshushwa, kamba zimekunjwa nyuma ya kiti, na yeye anawangoja watu wanaohama, mafundi wa vitanda, akina mama mboga na wauza mitumba. Hajawahi kukaa katika kamati ya istilahi, lakini ana msamiati wa kazi ulio kamili kuliko ule wa vitabu vingi vya biashara. Nataka tuukague msamiati huo, maana anayeuelewa hupata faida, na asiyeuelewa huendesha gari kwa hasara huku akidhani mfuko unajaa.

Tuanze na jina la mahali penyewe. Arobaini na sita ni namba ya njia ya basi. Gari la 46 hutoka katikati ya jiji, likapitia Hurlingham, Yaya na Valley Arcade, likaishia Kawangware. Kampuni ya Kenya Bus Service ilianza kazi Nairobi mwaka 1934, na namba za njia zake zikawa sehemu ya usemi wa jiji. Matatu zilipoyapokonya mabasi abiria, zilirithi na namba. Leo mkazi husema "nashuka 46" au "nipate hapo 46" bila kufikiria basi lolote. Mtaa umepewa jina na uchukuzi. Si ajabu, basi, kwamba uchukuzi umezaa maneno mengi hapa.

Neno la kwanza ni mzigo wenyewe. Kiswahili kina shehena, neno lililokuja na majahazi ya Waarabu, na watangazaji hulitumia kwa meli na makontena ya Mombasa. Kina bidhaa, neno la mwenye duka, na kifurushi, neno la posta. Hakuna anayesimama 46 akauliza bei ya kupeleka shehena Rongai. Mzigo ni neno la mtu anayebeba, ndiyo maana tunalitumia pia kwa madeni na kwa dhambi: ni kitu kinachojulikana kwa uzito wake. Na uzito huo huonekana tofauti kwa kila mtu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee wa pwani, wakimlenga mtu anayeuona mzigo wa mwingine kuwa mwepesi kama sufi iliyojazwa kwenye kanda.

Methali hiyo husikika 46 kila mwisho wa mwezi kwa maneno mengine kabisa. Mteja humjia mwenye pikapu na kuuliza, "Boss, mpaka Rongai ni ngapi?" Naye hujibu kwa swali, "Vitu ni vingi, mathe?" Jibu huwa lilelile: "Ni vitu kidogo tu." Mwalimu wa sarufi atasahihisha kuwa ni vitu vichache, lakini asiharakishe, kwa sababu mtaani misemo hii miwili imeshaachana. Vitu vichache vinaweza kuhesabika. Vitu kidogo havihesabiki mpaka gari lifike mlangoni, ndipo hutokea kitanda cha tano kwa sita, kabati la vyombo, kochi la watu watatu, mtungi wa gesi, mapipa mawili ya maji na kuku aliyefungwa miguu. Vitu kidogo ni istilahi ya biashara: maana yake ni mzigo ambao mwenyewe hataki upimwe kabla ya bei kukubaliwa. Dereva mzoefu akiisikia, huomba kwenda kuuona mzigo kwanza.

Kwa mizigo ya shambani neno linaloshabihiana na hilo ni lumbesa, gunia lililoongezwa kichwa cha wavu na kamba hadi likawa karibu gunia na nusu. Wakulima wa viazi wa Nyandarua wameililia lumbesa miaka mingi, na kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliagiza gunia lisizidi kilo 50. Kilio cha mkulima ni kuwa anauza gunia moja na nusu kwa bei ya moja. Mwenye pikapu ana kilio chake kisichoandikwa popote: akikubali kulipwa kwa gunia, anabeba lumbesa kwa nauli ya gunia la kawaida, na springi za gari ndizo zinazolipa tofauti.

Historia ya kubeba katika lugha yetu ni ndefu, na imejaa mabega ya watu. Katika karne ya 19 misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, aliyebeba aliitwa mpagazi, na mzigo wake wa kawaida ulikuwa mtumba, yaani robota la nguo lililofungwa na kukazwa kwa urefu ili likae begani. Mtumba ulikuwa kipimo cha uwezo wa mwili mmoja. Baadaye neno likahamia kwenye marobota ya nguo kuukuu zilizotoka ng'ambo, kisha kwenye nguo zenyewe, na sasa tunasema hata gari la mtumba. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika likiwa na umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo pikapu nyingi za 46 ziliwahi kutumikia mabwana wengine huko Japani kabla ya kufika Naivasha Road. Lugha imezunguka ikarudi ilipoanzia: kinachobeba mzigo leo kimeitwa kwa jina la mzigo wa zamani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikaacha neno jingine. Waingereza walikusanya mamia ya maelfu ya Waafrika kubebea majeshi yao chakula na risasi katika Afrika Mashariki, na kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Vinywa vya wenyeji vilililainisha jina hilo likawa Kariokor huku Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa, njaa na uchovu. Sanamu za shaba zilizo Kenyatta Avenue, zilizozinduliwa mwaka 1928, zinamwonyesha mpagazi akiwa amesimama pamoja na askari. Mtu anayekwenda soko la Kariokor kununua kiondo huenda hajui kuwa ametamka jina la wabeba mizigo. Majina mawili makubwa ya masoko ya Afrika Mashariki ni ya watu waliobeba vitu visivyokuwa vyao, katika vita visivyokuwa vyao.

Baada ya mpagazi yupo hamali, neno la Kiarabu la wachukuzi wa bandarini, ambalo bado lina nguvu Mombasa na Unguja. Na baada ya hamali yupo mwenye mkokoteni. Mkokoteni umetokana na kukokota, na ni neno linaloeleza kazi bila kuipamba. Katika vichochoro vya Gatina na Kawangware, ambamo hata gari dogo la Probox halipiti, mkokoteni ndio mfalme: unapeleka mitungi ya maji, mabati, hata nyumba nzima ya mtu anayehama kutoka ploti moja kwenda nyingine. Anayenunua gari la mizigo akidhani kuwa mpinzani wake ni gari jingine amekosea hesabu. Kwa safari fupi mpinzani wake ni mkokoteni, ambao hauhitaji petroli. Gari hupata heshima yake pale barabara inapokuwa ndefu au saa inapokuwa fupi.

Majina ya magari yenyewe niyapitie upesi. Nairobi huita kwa chapa. Canter imekuwa jina la lori dogo lolote, na nissan ni matatu ya abiria kumi na wanne hata ikiwa imeandikwa Toyota mbele na nyuma. Probox, ambayo Toyota ilianza kuitengeneza mwaka 2002 kwa ajili ya kubeba bidhaa za maduka na ofisi, imebeba huku kwetu maziwa, mbuzi, magazeti na abiria wasiohesabika. Tanzania ina majina yenye ucheshi zaidi: pikapu ndogo ya Suzuki Carry ni kirikuu, na baiskeli ya magurudumu matatu ya mizigo ni guta. Goma wana chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa kwa mguu, na mji umekijengea sanamu. Msaidizi wa dereva, anayefunga kamba na kubeba upande wa pili wa kochi, Mkenya humwita taniboi na Mtanzania humwita utingo. Nitarudi kwake, kwa sababu analipwa.

Sasa tufike kwenye kasi. Kiswahili kina maneno kadhaa ya jambo hili, na mtaani kila moja lina bei yake. Upesi ni sifa ya mwendo: gari lilikwenda upesi. Chapchap ni ahadi ya mdomo, nayo haimfungi mtu. Haraka ni hali ya moyo wa mwenye mzigo. Dharura ni jambo lililotokea bila kupangwa. Anayelipia mzigo wa haraka hanunui mwendo, kwani msongamano wa Ngong Road unawasawazisha wote. Ananunua kutosubiri. Analipa ili gari liondoke na mzigo wake peke yake, sasa hivi, bila kupitia bohari, bila kungoja gari lijae mizigo ya watu wengine. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mzigo wa haraka na mzigo wa kawaida unaotumwa kwa basi: wa basi hugawana gharama na mizigo mingine na huenda basi linapokwenda, ilhali wa haraka hukodi gari zima hata ukiwa boksi moja.

Kenya iliijua biashara hii kabla ya simu za mkononi. Mzigo wa haraka uliotia fora ni miraa. Majani yake hupoteza nguvu siku mbili baada ya kuchumwa, kwa hiyo pikapu zitokazo Maua na vijiji vya Igembe huteremka kuelekea Nairobi kwa kasi ambayo watumiaji wengine wa barabara huiogopa, ziwahi ndege ya Somalia. Somalia ilipofunga soko hilo Machi 2020, haraka yote ile ilikosa thamani kwa siku moja. Lilipofunguliwa tena Julai 2022, kasi ikarudi. Magari ya magazeti nayo, yaliyoondoka Nairobi usiku ili Kisumu na Mombasa zisome habari asubuhi, yaliwahi kuwa kipimo cha mwendo barabarani. Vitu hivi viwili vinafundisha kanuni moja: nauli ya haraka haitokani na uzito wa mzigo, bali na hasara ya kuchelewa. Gazeti la jana ni karatasi ya kufungia nyama.

Pale 46 hasara ya kuchelewa ina sura zake. Mwuza mitumba aliyenunua belo Gikomba anataka kulifungua asubuhi, wateja wake wanaochagua wakiwa bado hawajaenda kazini, kwa sababu kamera, yaani nguo bora za juu, huuzwa saa za mwanzo. Fundi wa Ngong Road aliyeahidi meza ya chakula kabla ya wageni kufika hataki kupigiwa simu mara tatu. Kamati ya mazishi imekodi hema na viti mia moja, na mwili unatoka mochwari saa mbili. Mama mboga anayetoka Marikiti alfajiri akikuta jua limemtangulia Kawangware, sukuma wiki yake itakuwa imelala. Huyu wa mwisho hana pesa za kukodi gari zima, ndiyo maana wanne au watano hushirikiana pikapu moja. Hapo mzigo wa haraka umegawanywa na bado ni wa haraka, kwa kuwa saa ya kuondoka wameipanga wao.

Upande wa pili wa kazi hii ni huo wa kuifanya kwa muda usio kamili, na hapa kamusi zetu zimepwaya. Tukisema kazi ya muda, msikilizaji huelewa kazi itakayokwisha, kama ya karani wa sensa. Lakini mwalimu anayeendesha pikapu kila Jumamosi kwa miaka mingi hafanyi kazi ya muda. Kazi yake ni ya kudumu, ila saa zake ni chache. Kibarua nalo lina historia nzuri: limetokana na barua, kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili apate ujira wake, na hadi leo kazi ikipotea tunasema kibarua kimeota nyasi. Lakini kibarua ana mwajiri, angalau wa siku ile. Tanzania katika miaka ya 1980, mishahara iliposhindwa kufika katikati ya mwezi, wafanyakazi wa ofisini walifuga kuku na kuuza maandazi na kuviita miradi, neno la heshima lililositiri aibu. Kenya tukapata hasla. Neno hilo lilikuwa la mtaa kwa miaka mingi kabla ya kampeni za 2022 kulipandisha jukwaani, na mnamo Novemba 30 mwaka huo serikali ikazindua Hazina ya Hasla. Tangu hapo ukilitamka, watu hutaka kwanza kujua ulimpigia nani kura.

Neno ninalolipendekeza lilikuwapo steji siku zote: skwodi. Dereva wa matatu akichoka, au akienda kula, humpa mwenzake gari apige safari moja au mbili. Mwenzake huyo anapiga skwodi. Hana mkataba wala mshahara. Ana safari na malipo ya safari, na akishuka hadai kitu zaidi. Uzuri wa neno hili ni kuwa linataja kipimo cha kazi bila kuficha. Haliahidi ajira wala halijifanyi uwekezaji. Mwalimu wetu wa Jumamosi anapiga skwodi kwenye gari lake mwenyewe, na akilielewa hivyo ataihesabu kila safari peke yake, badala ya kujifariji kwa jumla ya noti alizoshika jioni.

Programu za simu zilipokuja zilileta msamiati mwingine. Uber iliingia Nairobi mwaka 2015. Upande wa mizigo, Sendy iliyoanzishwa hapa mwaka 2014 iliwaunganisha wenye pikapu na pikipiki na wateja, hadi mwaka 2023 ilipowekwa chini ya wasimamizi na kufunga. Katika lugha ya programu kama hizi dereva si mwajiriwa, ni patna. Neno hilo ni tamu kulisikia, lakini likague kwa kipimo cha mtaa. Mshirika kwa Kiswahili ni mtu anayeshiriki faida na hasara, na anayekaa kikao bei inapopangwa. Patna wa programu hupangiwa bei, hukatwa asilimia, na hasara ya tairi ni yake peke yake. Steji ya 46 haina neno tamu kama hilo. Ina mwenye gari, mwenye mzigo na dere, na kila mmoja anajua analipia nini.

Msamiati wa gharama ndio ulio tajiri zaidi, na ndio unaomwangusha mgeni. Kuna kanjo, neno lililozaliwa na baraza la jiji. Baraza lenyewe liliondoka mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoingia, lakini kanjo bado anakuja na mnyororo wa magurudumu ukiegesha vibaya kupakua mzigo. Kuna kitu kidogo, ambacho kila Mkenya anakijua, nacho hudaiwa barabarani gari likionekana limeelemewa. Angalia jinsi lugha inavyocheka: vitu kidogo vya mteja ndivyo vinavyoleta kitu kidogo cha njiani, na vyote viwili huwa si vidogo. Kuna kodi ya mapema, ambayo magari ya biashara ya mizigo hutozwa kila mwaka kulingana na tani. Kuna tarehe 14 ya kila mwezi, ambayo mamlaka ya kawi, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta. Septemba 2023 lita ya petroli jijini Nairobi ilivuka shilingi 200, na bei za safari zilizokuwa zimekubaliwa kwa mazoea ikabidi zizungumzwe upya.

Kuna pia swali la bima, na hili nalisisitiza. Kampuni za bima hutofautisha gari linalobeba mzigo wa mwenyewe na gari linalobeba mzigo wa watu kwa malipo, na ada ya pili ni kubwa zaidi. Wengi huanza skwodi zao wakiwa na bima ya kwanza, wakidhani tofauti ni ya makaratasi. Siku gari likipata ajali likiwa na kochi la mteja, mkaguzi wa bima atauliza kochi ni la nani. Maneno mzigo wangu na mzigo wa watu yatakuwa na uzito kuliko kochi lenyewe, na dai linaweza kukataliwa.

Lakini neno lililo ghali kuliko yote halina hata nafasi katika kamusi. Ni kurudi tupu. Umepeleka mzigo Kitengela, umelipwa, umeshukuru, na sasa unaendesha gari lisilo na kitu hadi Kawangware. Tufanye hesabu ya mfano. Safari ni kilomita 35 kwenda na 35 kurudi; gari linakwenda kilomita 10 kwa lita; lita tuichukulie ni shilingi 180. Mafuta ni lita 7, yaani shilingi 1,260. Mteja amelipa 3,000. Taniboi umempa 500. Umebaki na 1,240 kabla ya kufikiria tairi, bima, kodi, oili na saa nne za Jumamosi yako. Dereva aliyehesabu mafuta ya kwenda tu aliona faida ya 1,870, akaondoka akipiga mluzi. Shilingi 630 za kurudi zilimsubiri barabarani.

Wazee wa pwani walilielewa tatizo hili kabla ya injini. Jahazi lililokuja na upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba lilileta tende, chumvi, mazulia na samaki wakavu. Halikurudi tupu. Lilingoja kusi, likarudi na boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji, na karafuu za Unguja na Pemba. Neno msimu lenyewe ni la hesabu hiyo, kwani asili yake ya Kiarabu ilitaja majira ya safari. Na malipo ya chombo, kwa mtu au kwa mzigo, yaliitwa nauli, neno ambalo Waarabu walilipata kwa Wayunani na sisi tukalipata kwa Waarabu. Leo nauli tumeiachia abiria wa matatu, na mzigo tumeupa neno transport, ambalo halisemi ni ya kwenda au ya kurudi.

Wapo madereva wa 46 wenye akili ya nahodha. Anayepeleka vitanda Kitengela humpigia simu fundi au mwenye duka anayemjua huko kabla ya kuondoka, aulize kama kuna cha kuleta. Anayekwenda Marikiti alfajiri hubeba kreti tupu za mama mboga, ambazo zingehitaji safari nyingine. Anayepeleka belo Rongai hukubali bei ndogo ya kurudi na mtu anayehama, kwa sababu shilingi 700 za mzigo wa kurudi zinashinda kurudi tupu. Huyu hahitaji kukimbia kuliko wenzake. Anahitaji simu yenye majina ya watu, na uvumilivu wa nusu saa.

Kwa hiyo, ombi langu kwa watunga istilahi, wawe BAKITA kule Dar es Salaam au CHAKITA huku kwetu, ni dogo. Mkitafuta jina la kazi hii msituletee tafsiri ndefu ya kitabuni. Uchukuzi wa haraka unatosha kwa ofisi, na mzigo wa haraka unatosha kwa steji. Kazi iliyobaki ni kuyaingiza kamusini maneno yanayobeba hesabu: skwodi, taniboi na kurudi tupu. Na nauli turudishieni upande wa mizigo, ili tuweze kusema nauli ya kwenda na nauli ya kurudi kila moja kwa jina lake.

Nawe msomaji mwenye pikapu na Jumamosi wazi, kabla hujataja bei uliza mambo matatu: mzigo nikauone wapi, unatakiwa kufika saa ngapi, na nitarudi na nini. Ukikosa jibu la tatu, weka nauli ya kurudi ndani ya bei na umwambie mteja hivyo waziwazi. Akikataa, mwache aende. Bei isiyotaja kurudi ni bei ya nusu safari, na nusu ya pili utailipa wewe.